Mama Riziki Alinituma Nikaione Houston

Asubuhi hiyo naikumbuka kwa sababu ya soksi mbichi. Nilikuwa nimezifua jana yake, hazikukauka, nikazivaa hivyo hivyo kwa haraka ya kuondoka. Kuondoka kwenda wapi, mwanangu, hata mimi sikujua. Ujana wangu ulikuwa hivyo. Shule niliiacha mapema, nikabaki na udadisi tu. Nikisikia watu wanautaja mji, situlii mpaka niukanyage. Nilikuwa nimeishi Fort Worth nikiosha vyombo hotelini, nikaishi Arlington nikibeba makochi ya watu wanaohama, na wakati huo nilikuwa nimepanga Vickery Meadow, pale Dallas kwenye fleti zilizosongamana, ambako ukifungua dirisha asubuhi unasikia lugha za nusu ya dunia zikiwaamsha watoto waende shule.

Umeniuliza uchukue kazi ya Dallas au ya Houston. Nimekuona unavyopima: mara kodi, mara hali ya hewa, mara umbali wa kazini. Kaa kidogo nikueleze jinsi nilivyotumwa kuipima Houston, na kipimo nilichokwenda nacho.

Nilishuka na begi langu, nikamkuta Mama Riziki ameketi katikati ya ngazi, mfuko wa mboga pembeni, anapumzisha magoti. Alikuwa mjane kutoka Kivu, akikaa ghorofa ya juu yangu. Nilizoea kumbebea mizigo, naye alizoea kunilisha.

"Uko naenda wapi na hiyo sakoshi?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Bado sijui, Mama."

"Haujui! Mutu mukubwa, ndevu zimeota, anatoka nyumbani hajui anaenda wapi!" Alicheka mpaka akajishika kifua. Kisha kicheko kikaisha. "Bon. Kama haujui, nenda Houston. Uniangalizie."

Jambo lenyewe jengo zima tulilijua. Binti yake, Riziki, aliyeolewa Houston, alikuwa anamwita akaishi huko, maana ngazi zilikuwa zinamshinda na barafu ya mwaka uliopita ilimwangusha mlangoni. Mama alikuwa hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mwisho wa mwezi ilimpasa amwambie mwenye nyumba kama anabaki au anahama. Kubaki kulikuwa kubaki na zile ngazi, peke yake.

"Niangalie nini, Mama?"

"Weye si unajuaga kuangalia miji? Angalia."

Nikapanda treni mpaka katikati ya Dallas, nikapata basi la kwenda kusini. Mwanzoni nchi ni tambarare, kavu, anga limekaa juu sana. Mbele huko misonobari inaanza kubanana pande zote za barabara, linatokea sanamu jeupe la mzee mwenye fimbo, refu kuliko miti, na hewa inaanza kuwa nzito. Niliposhuka Houston, zile soksi zilizokauka njiani zikalowa tena, safari hii kwa jasho.

Jamaa mmoja wa Kigoma alinipa nafasi sakafuni kwake, nami nikazunguka siku kadhaa. Nilizunguka kweli, mwanangu. Nilipanda kila basi lililosimama. Niliwauliza wauza samaki wanakotoa samaki, na mafundi matairi ni lini maji ya mafuriko yalifika dirishani. Nilipoona nimeujua mji, nikampigia Mama simu.

"Mama, joto la huku linakulamba kama ulimi wa ng'ombe. Dallas wameupanga mji wao. Huku kila mtu amejenga alipotaka. Kanisa, gereji, nyumba ya mtu, duka la samaki, vyote ukuta kwa ukuta. Mvua ikikaza, barabara inakuwa mto. Lakini mvua ya mawe kama ile ya Dallas iliyovunja vioo vya magari hawaijui sana, na barafu ni ya nadra. Kile kisamvu mnachokiita sombe kipo, kibichi, na samaki bado macho yanang'aa. Treni yao haifiki mbali. Bila gari utategemea watu."

Nilijiona nimesema kitu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Na kwa mukwe wangu, walikulaza wapi?"

"Sijafika kwao bado."

"Ee, mutoto ya Tanzania!" Hakuwa anacheka. "Nilikutuma uangalie, weye umeniletea habari ya matope. Joto nilizaliwa ndani yake. Mvua nilizaliwa ndani yake. Nenda kwa Riziki, sema umetoka kwangu. Vile watakupokea weye, ndivyo watanipokea mimi. Halafu unipigie."

Ndipo nikaelewa. Kwa wazee wa ukoo wake, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawali pamoja, hawapishani kwenye mlango mwembamba, na kulala chini ya paa moja ni aibu ya wote wawili. Sasa katika fleti ya Houston yenye sebule na vyumba viwili, heshima hiyo ingekaa wapi? Kumuuliza mkwe hakuweza. Kumuuliza Riziki kungekuwa kumuuliza mkwe kwa kupitia dirishani. Kwa hiyo alihitaji mtu wa katikati, na mtu mwenyewe alikuwa anazunguka mjini anahesabu gereji.

Nilifika kwao jioni hiyo hiyo. Riziki alinipokea kwa kelele za furaha, akawaita watoto wanisalimie. Wakanisalimia kwa Kiingereza, akawafokea, wakarudia kwa Kiswahili huku wakicheka. Mumewe, Amani, alikuwa dereva wa lori, mrefu, mwenye maneno machache. Tulikula ugali na sombe. Tulipomaliza akaniuliza, macho yakiwa kwenye sahani, "Na magoti ya Mama?"

"Yanamsumbua kwenye ngazi."

Akaitikia kwa kichwa, akakusanya sahani. Nikaweka begi langu kando ya kochi, kwa kuwa makochi ndiyo vitanda vyangu nilivyovizoea.

"Hapana, kaka," Amani akasema. "Hapa haulali. Chukua sakoshi, tuende."

Nilivunjika moyo, na si kwa ajili yangu. Mimi sakafu ya yule jamaa wa Kigoma ilikuwa inaningoja. Nilifikiria simu nitakayompigia Mama.

Tulivuka maegesho ya magari mpaka jengo la pili. Akafungua mlango wa chini kabisa, usio na hata kidato kimoja, akawasha taa kwa kuingiza mkono tu. Kulikuwa na kitanda kimetandikwa, pazia la maua, jiko dogo, na kiti cha plastiki karibu na dirisha linalotazama fleti ya Riziki. Bafuni, ukutani, kulikuwa na chuma cha kushikilia, kimefungwa imara. Niliingia. Niliposikia hakuna anayenifuata, nikageuka. Amani alikuwa amesimama nje ya kizingiti.

"Ingia basi, shemeji."

"Mimi sivuki hapa. Siku niliyofunga hicho chuma ndiyo ilikuwa mwisho wangu wa kuingia. Hapa ni kwake."

"Na kwa nini hamjamwambia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui nguo barabarani. "Mimi nimwambie mama mukwe njoo ulale? Kwa mdomo gani?"

Riziki, aliyekuwa nyuma yake na mashuka mkononi, akadakia: "Na nikimwambia mimi, atasema nimemusumbua bwana wangu mpaka amekubali. Mara ngapi nimemwita? Anasema tutaona, tutaona. Tulingoja amutume mutu."

Walipoondoka nilikaa kwenye kile kiti nikapiga simu.

"Mama, niko kwako."

"Kwangu wapi?"

Nikamweleza: jengo la pili, mlango wake mwenyewe, ufunguo wake mwenyewe.

"Ngazi?"

"Hakuna ngazi, Mama."

"Na mukwe?"

"Amebaki nje ya kizingiti. Amekataa kuvuka."

Nikamsikia anavuta pumzi ndefu. Kisha sauti ikarudi, ile ya kunifokea: "Funga dirisha vizuri! Usiniingizie mbu kwenye kitanda changu."

Basi, mwanangu, usidhani ninakutuma Houston. Ungekuwa na mahali pa aina hiyo Mansfield au Arlington, hapo karibu na Dallas, ningekuambia ubaki na barafu yako. Pima joto, pima barabara, ni haki yako. Ila usiupime mji peke yake. Uliza kwanza kama kuna mtu huko anayeyajua magoti yako, na kama yule asiyekuita hanyamazi kwa sababu ya heshima tu. Ukiona aibu kuuliza mwenyewe, mtume mtu. Nitume mimi, miguu bado ipo.

Mungu akupe mlango unaofunguka kabla hujagonga mara mbili, kitanda kilichotandikwa na mtu aliyekuwa anakungoja, na siku ya kuhama, mwanangu, akujalie soksi kavu.