Spika ya Kulia

Mimi simsimulii mtu anayecheka mapema. Kama umeshaanza kutabasamu, funga hapa, nenda kaangalie mpira. Haya yalinikuta mchana kweupe, sijanywa kitu zaidi ya chai, katika studio yangu hapa Mkuyuni ambamo nimerekodi kwaya, waimbaji wa nyimbo za asili na matangazo ya dawa za mende. Mimi ni mtu wa nyaya na vitufe. Mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia wenye muda nayo.

Ilianza na kaka Kulwa wa Buswelu, mwimbaji wa sherehe ambaye ukimkosa harusini kwako, wageni wanaondoka na nung'uniko. Uvimbe ulimwota kooni. Madaktari wakamwambia ni lazima apasuliwe, na kwamba akiamka sauti inaweza isirudi. Unajua aliwaza nini kwanza? Sendofu ya binti yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Alikuwa amemtungia wimbo wa kumuaga, ambao hakuwahi kumwimbia mtu yeyote, na sherehe ilikuwa inakaribia. Akaja kwangu akaniomba niinase sauti yake yote, ili hata akitoka hospitali bubu, mwanawe aagwe na sauti ya baba. Nilikubali palepale.

Tukatumia sampla. Kama huijui, ni mashine ya vitufe vikubwa: unanasa sauti, unaikata vipande, kila kipande unakipa kitufe chake, ukikigonga kinaimba. Tuliimaliza kazi akiwa amechoka hoi. Wakati anavaa koti nikamuuliza lile swali ambalo huku kwetu kila mtu humuuliza mtu mwenye jina lake. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, kwa hiyo ukimwona Kulwa unauliza: Doto yuko wapi?

"Yupo," akanijibu.

Nikamwambia Doto akipata nafasi aje aitikie, maana wimbo ule ulikuwa unadai sauti ya pili. Akatabasamu tu, akaaga. Nami nikajijazia mwenyewe: Doto atakuwa Geita kwenye machimbo, kama ndugu zetu wengi.

Kulwa alipolazwa nikakaa kuupanga wimbo. Spika ya kushoto ikaimba vizuri. Ya kulia, kimya.

Kwanza sikushtuka, hayo ndiyo maisha yangu. Nyuma ya sampla kuna matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, na mara nyingi ubovu ni waya. Nikabadilisha nyaya, kulia kushoto, kushoto kulia. Kimya kikabaki kulia. Nikazibadilisha spika. Bado. Nikasafisha matundu kwa spiriti, nikachomoa mpaka waya wa maikrofoni niutumie kupimia. Nikavaa hedifoni: sikio la kushoto Kulwa, sikio la kulia hakuna mtu. Ndipo nikagonga kitufe cha ngoma. Ngoma ikalia pande zote mbili, safi kabisa! Filimbi, pande zote. Sauti yangu mwenyewe nikihesabu moja mbili, pande zote. Sasa niambie wewe, mashine mbovu inachaguaje nani wa kumnyamazisha?

Nikakagua kitufe kimoja kimoja, labda nilimsukumia Kulwa kushoto bila kujua. Wapi. Kila kipande chake kilikuwa katikati. Nikavihamishia kwenye kompyuta, ikawa vilevile. Fundi wa redio jirani yangu, mtu wa utani sana, alikuja akaipima, akasema mashine ni nzima, mgonjwa ni mimi. Nilicheka naye, lakini alipoondoka niliongeza sauti upande wa kulia mpaka mwisho. Sikusikia wimbo. Nilisikia pumzi, niamini, pumzi ya mtu anayejiandaa kuimba halafu anaghairi.

Kibaya zaidi, kila nilipoupiga wimbo, hata upande wa kushoto ulizidi kufifia. Kulwa alikuwa anaondoka kwenye mashine huku mwenyewe yuko kitandani anasubiri kisu, na hakukuwa na namna ya kumrekodi tena. Niliogopa. Ningemwambia nini yule binti?

Siku ya upasuaji, alasiri, wingu la mvua likiwa limetanda upande wa ziwa, mlango ukasukumwa. Akaingia Kulwa. Nilidhani ametoroka hospitali, kisha nikaona shingo haina uvimbe, na mwili ni mwembamba kidogo. Kumbe ndiye Doto! Sikuwaza lingine, na ningewaza nini? Nilifurahi mpaka nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa mkono wa kawaida, wa moto. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba, alinitazama tu kama mtu asiyejua kinachotakiwa kusemwa hapo.

Akavuta kiti akakaa mbele ya spika ya kulia. Nikampa soda. Alikunywa nusu, akaiinua chupa kwenye mwanga kuhakikisha imebaki nusu, kisha akaisogeza kushoto kwake.

"Hiyo ya mwenzangu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, si kama ya Kulwa ambayo ni nyembamba ya juu, na alikuwa anaburuta mwisho wa maneno.

Nikaanza kumweleza shida ya mashine. Hakunisikiliza. Aliinamia maikrofoni, na nilipogonga kitufe cha kwanza cha Kulwa, yeye akaitikia. Aliyajua maneno yote. Wimbo ambao haujawahi kuimbiwa mtu! Nikajiambia, si ni mapacha hawa, labda waliutunga pamoja. Alipokuwa akiimba, spika ya kushoto ikapata nguvu, na ya kulia ikafunguka. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikainama kuhifadhi kazi, na nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu na mvua imeanza kunyesha. Nilidhani amewahi usafiri. Ila nilipotaka kuiweka maikrofoni mahali pake, nikaona haina waya. Ule waya niliouchomoa kupimia ulikuwa bado umening'inia nyuma ya sampla.

Kesho yake nikaenda hospitali na habari njema. Kulwa alikuwa amelala, shingo imefungwa bandeji. Pembeni alikaa mama yake, bibi mdogo wa umbo, mkimya. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwambia kwa furaha kwamba Doto alikuja studio na wimbo umekamilika.

Mama alinigeukia. Kisha akauliza, "Ulimpa nini?"

"Soda, mama."

"Akaimaliza?"

"Hapana. Alibakiza nusu, akasema ni ya mwenzake."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nikaanza kuomba radhi, sijui nimekosea wapi, mpaka alipojifunua. "Doto tulimrudisha udongoni hajaota hata meno," akasema. "Kwetu mtoto pacha hatusemi lile neno. Ukituuliza, tunakwambia yupo. Chakula tunatenga sahani mbili mpaka leo."

Nilirudi studio nikausikiliza wimbo tena. Kushoto Kulwa, kulia yule mwingine, wazi kabisa. Nilijaribu kuzima upande mmoja ili nimsikie mmoja peke yake. Ukizima wa kulia, wa kushoto unanyamaza. Ukizima wa kushoto, ni hivyohivyo. Sijajaribu tena.

Kwenye sendofu nikaupiga. Binti alilia, ukumbi mzima ulilia, mama mzee alisikiliza amefumba macho akiwa ameshika sahani mbili mapajani. Kulwa alisimama karibu na mwanawe, bado haruhusiwi kusema, midomo yake ikifuata wimbo. Nilimtazama sana. Midomo haikuwa inafuata sehemu yake. Ilikuwa inaitikia.

Baadaye sauti yake ilirudi. Madaktari walifurahi, mkewe alichinja mbuzi, na kila mtu akasema ni kawaida, koo likipasuliwa sauti hubadilika. Huenda. Lakini ni nzito, na mwisho wa maneno inaburuta. Akinipigia simu akasema, "Mimi Kulwa hapa," huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kuitikia, na yeye hukaa kimya pia, ananisubiri.

Juzi alipita studio kunisalimia. Nikamwamkia, akanitazama tu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya spika ya kulia. Nikampa soda. Akanywa nusu, akaiinua kwenye mwanga, akaisogeza kushoto kwake, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Hiyo ya mwenzangu," akasema.

Sikumwuliza mwenzake ni yupi. Ningemwuliza, halafu akinijibu?

Kwa hiyo nakuonya wewe unayerekodi watu, uwe wa studio au wa simu tu. Akija pacha mmoja, usitosheke na jibu lake, kamuulize mama yake. Na mashine ikikataa upande mmoja huku nyaya zote ni nzima, izime, kaa nyumbani, usimkaribishe atakayekuja kukusaidia. Ile nusu ya soda ya kwanza bado iko juu ya spika ya kushoto. Kizibo nilichoirudishia kimeshaliwa na kutu, lakini siwezi kuimwaga, maana sijui aliyeachiwa ni nani, na kama atakuja kuidai.