Jaji Apimwa na Mdogo Wake

Ripoti ya mwaka ilipobandikwa koridoni, jaji aliisoma akiwa amesimama, joho bado mkononi. Hukumu zake zilikuwa zimetenguliwa kwenye rufaa mara mbili zaidi ya zile za Jaji Mpole, jirani yake wa ofisi. Kufika adhuhuri makarani walikuwa wameshambatiza jina: Mama Rudia. Walidhani hasikii.

Jumamosi akamwendea mdogo wake, mwalimu wa hesabu chuoni, akamkuta jikoni anamenya vitunguu.

"Niambie kweli, usinivike kilemba cha ukoka. Mimi jaji mbovu?"

Mdogo mtu akafuta mikono, akampa sarafu. "Irushe mara kumi, dada."

Kichwa kikatokea mara saba.

"Haya, sarafu ina upendeleo. Ifunge jela!"

"We! Kwa mara kumi tu? Si bahati hiyo?"

"Umesema mwenyewe. Sasa, Mpole anasikiliza kesi gani?"

"Ndoa na mirathi. Wengine wanafika wameshapatana."

"Na wewe?"

"Mauaji, na ardhi. Aliyefungwa maisha ataachaje kukata rufaa?"

"Basi wamepima embe kwa nazi. Niachie."

Wiki iliyofuata mdogo mtu akaja ofisini. Alikuwa amezipanga kesi za majaji wote aina kwa aina, akapiga hesabu ya uwezekano.

"Kwenye mauaji uko sawa na wenzako. Tofauti ndogo iliyopo, hata bahati tupu ingeileta."

Jaji akapiga kigelegele, karani akachungulia mlangoni.

"Sijamaliza, dada. Kwenye ardhi, bahati haiwezi kukutetea. Huko unakosea."

 Ilimchoma jaji, maana kesi za ardhi ndizo alizojivunia. Akainuka, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Mpole akasimama kwa wasiwasi. "Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kusoma. Mirathi bila mashamba hakuna, ardhi unaijua."

Mpole akashusha pumzi, akacheka. "Na mimi unifundishe mauaji. Waliwahi kunipa kesi moja tu, ikatenguliwa wino haujakauka!"

Tangu hapo kila Alhamisi mchana wanakula pamoja, hukumu za zamani zikiwa katikati ya sahani. Siku ya kwanza Mpole alimwonyesha mpaka wa shamba fulani kwenye ramani. Jaji akausogeza uso karibu, akarudia kusoma alichoandika mwenyewe kwenye hukumu, akapiga meza.

"Jamani! Hii hata mimi ningeitengua!"