Mlima Uliochomwa Bila Pembe

Tulimkuta dada yangu amekaa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mlima mzima mweusi, majivu yanapaa kila ukikanyaga, na yeye amekaa kwenye kibonde nyuma ya jiwe, kikapu miguuni, kama mtu aliyepumzika kidogo ndipo ateremke nyumbani. Moshi ulimmaliza kabla moto haujamfikia. Bibi alimgusa bega, akamwita kwa sauti ya kawaida tu, "Wee, amka, jua linazama." Akamwita tena.

Ngoja nirudi nyuma, ndugu yangu, maana wewe hukuwapo.

Nimezaliwa vilima vya kati ya Njombe na Makambako, upande ule mkavu wenye upepo wa kupasua midomo. Enzi za Mwingereza vilikuwa majani matupu, na mwisho wa kiangazi tuliyachoma ili ng'ombe wapate machipukizi. Basi, kabla hata tone la mvua, maua yanachomoza kwenye majivu, mekundu, ya njano, hayana jani, kikonyo tu kimebeba ua. Na vipepeo, wengi, kimya kabisa. Bibi alisema, "Ua linalotangulia mvua limenyweshwa na walio chini." Nani angethubutu kulichuma?

Kabla ya moto wasichana walipanda kuchimba viazi vya porini, vidogo kama kidole gumba. Bibi alivitwanga na karanga, akavipika vikaganda, na sisi tukalamba mpaka mwiko.

Moto wenyewe ulikuwa na adabu yake. Mwenye kuchoma alisimama juu mgongoni mwa mlima, akapiga pembe ya tandala, akangoja. Waliokuwa mlimani waliitikia, wakateremka, ndipo akawasha. "Moto hauna masikio," bibi alisema, "tunauazima yetu."

Mwaka ule Mzungu mmoja aliutaka mlima wetu apande miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, na jumbe alimwahidi kuusafisha upesi. Asubuhi hiyo bibi alikuwa anatwanga uani, jumbe akapita na watu wake na vijinga vya moto, karani wa Mzungu pembeni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Vijinga naviona, pembe siioni."

"Pembe!" Jumbe akacheka. "Mimi jumbe wa Serikali, mama, siyo mchunga mbuzi. Bwana anangoja."

"Wasichana wako juu."

"Wakiona moshi watateremka. Kwani hawana miguu?"

Karani naye akadakia, "Labda wanangoja kubebwa, kama maharusi!" Wakaenda wakicheka.

Bibi aliutupa mchi, akaanza kupanda mlima, mimi nyuma yake. Upepo ulitutangulia na moto. Wasichana wengine walitupita wakikohoa, macho mekundu. Dada hakuwemo. Kwenye kile kibonde moshi huuoni mpaka umekufikia. Pembe ungeisikia.

Mazikoni jumbe alisema ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia amina.

Baadaye maua yakatoka. Mlima mzima ulibaki mkavu, mweusi. Yalitoka kwenye kile kibonde tu, mekundu, yamebanana pale alipokuwa amekaa. Vipepeo wakalifunika jiwe lote, wakifungua mbawa na kufumba kwa pamoja, hata ungeapa jiwe linapumua. Bibi alikaa mbele yake, akaongea nalo taratibu habari za nyumbani. Nilimvuta kanga turudi. Akanikatalia, "Subiri, hajamaliza kunijibu."

Juzi nilirudi. Miwati imesimama mistari kwa mistari, na chini yake haioti hata nyasi. Viazi hakuna, wala maua. Lakini jiwe lipo, na vipepeo walikuja. Walipita chini chini kati ya magogo, wakalizunguka, wakazunguka tena, hawakutua. Walikuwa wanatafuta. Nikateremka bila kugeuka nyuma.

Yule karani alihama, sijui alikofia. Mzungu alirudi kwao. Ila wewe, jumbe, upo. Upo kijijini Yakobi na fimbo yako, kanisani unapewa kiti cha mbele, watoto wanakupigia magoti. Mapenzi ya Mungu usinitajie tena. Pembe ilikuwa imetundikwa ukutani kwako, kila mtu aliyeingia kunywa togwa aliiona. Mkono wako ulishindwa nini kuitungua? Bibi alikufa anangoja jibu. Mimi sijafa. Nijibu.