Kupima Damu Tukuyu, Baba Mkwe Akiwa Mlangoni

Asubuhi, Suma. Nilikwenda Tukuyu kwa sababu mchungaji aligoma kututangaza kanisani, mimi na mchumba wangu Ambokile, mpaka tupime virusi vya Ukimwi. Ambokile alishapima, yuko salama. Mimi ni mjane, na marehemu alikonda mpaka akafa. Kijiji kizima kilishanipima kwa macho. Niliogopa, nisiwadanganye.

Njiani nilikalia mikungu nyuma ya pikapu ya ndizi, mvua ikinishukia. Dereva akauliza nafuata nini mjini. "Vitenge vya harusi," nikamjibu ili anyamaze.

Tukuyu, kliniki ya Ibighi. Nesi mmoja mcheshi alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo chembamba.

"Humu mna chembe za dhahabu, ndogo hata hadubini yetu haizioni," akasema. "Mwili ukishaanza kupigana na virusi, hata kidogo, chembe zinajikusanya pale, mstari mwekundu wa pili unatokea. Mstari mmoja, kipimo ni kizima na wewe huna virusi. Miwili, tutaongea."

"Dhahabu nyekundu? Nesi, hata sonara hanidanganyi hivyo!"

"Ikiwa ndogo mno inakuwa nyekundu. Tulia usubiri."

Mara nikasikia kikohozi mlangoni. Mama yangu, baba mkwe, babake Ambokile! Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani wala hasemezani na baba mkwe. Wakikutana njiani, mkamwana anaingia migombani. Nikachomoka mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye migomba ya kliniki, nimelowa chapachapa, majibu yangu yako mezani.

Nesi alinifuata akicheka mpaka akashika ukuta. "Muda wa kusoma umepita, kipimo hakiaminiki tena. Lete kidole kingine."

"Huyo mzee kaja kunichunguza?" Nilikuwa na hasira kweli.

"Kaja kupima na yeye. Ambokile kamwambia uko huku, na kanga yako ameiona ikikimbia. Anasema nikwambie, maana yeye hawezi: usiogope peke yako. Majibu yawe yoyote, utakula nyumbani kwake."

Safari hii nilikaa. Ukatokea mstari mmoja. Nililia kama mtoto, na nesi akanipa kanga yake nifutie kamasi.

Jioni, kurudi. Gari ni lile lile. Mzee mbele na dereva, mimi nyuma nimejifunika jani la mgomba. Tulipofika Suma akashuka, akaweka mwavuli wake kando yangu bila kugeuka, akaenda zake kwenye mvua.

"Ndaga fijo, baba," nikashukuru, kwa sauti ambayo hakupaswa kuisikia.

Siku zote nilidhani mzee yule hanitazami kwa sababu hanitaki.