Wapiga Makasia wa Baba

Nilikuwa darasa la sita, kule Garland, Texas, mwalimu alipotupa kazi ya kufanyia nyumbani: tutengeneze meli ya Waviking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya ya kaskazini, meli ya tanga na makasia. Siku ya maonyesho wazazi waje. Baba alifurahi kuliko mimi. Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Uvira, na tangu tufike Texas hakuna aliyewahi kumuuliza jambo analolijua.

Wiki mbili nzima, akitoka kazini ghalani, alichonga mbao za paleti, zile fremu za kupangia mizigo: mlingoti, kichwa cha joka, watu ishirini wadogo, kila mmoja na kasia lake. Tanga alilikata kwenye shati lake la mistari. Mimi nilikuwa natazama televisheni.

Siku yenyewe aliomba ruhusa kazini, akaja na suti ya kanisani. Mtoto mmoja ndiye aliyeona kwanza: wale watu wa mbao wote walitazama mbele. Kwetu ziwani mtu hupiga kafi akiangalia anakokwenda, na Baba hakujua namna nyingine. Waviking waliketi wakiupa mgongo upande wanakokwenda. Darasa likacheka. Mwalimu akaniuliza, kwa upole tu, kama nilisoma kitabu alichotupa.

Ulimi hauna mfupa. Nikamwonyesha Baba kwa kidole, nikasema kwa Kiingereza, tena polepole ili aelewe kila neno, kwamba aliyetengeneza ni yeye, na kwamba hajui kusoma.

Baba akasogea mezani. "Benyewe banaendaka namna gani, kama habaone mbele?" akaniuliza. Akaanza kuwageuza wapiga makasia mmoja mmoja, lakini gundi ilikuwa imeshika, wakamvunjikia miguu mkononi. Watoto wakazidi kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Shukrani ya punda ni mateke.

Nyumbani Mama aliuliza mambo yalikwendaje. "Muzuri," Baba akasema. Heri angenichapa.

Hakukanyaga tena shuleni kwangu. Nilipomaliza sekondari alituendesha mpaka kwenye ukumbi wa sherehe, akazima gari, akasema atatungojea hapo hapo. Mama akaniangalia. Wote watatu tulijua anangoja nimwambie aingie. Nilichukua joho langu kiti cha nyuma, nikafunga mlango.