Mgongo Wangu, Usingizi wa Mume Wangu

Mgongo wangu uliharibika miaka ile ya Ujamaa, sabuni imeadimika lakini ng'ombe anakula vilevile. Kwetu Kibosho ng'ombe hatoki bandani. Majani unamfuatia wewe, chini kabisa tambarare, unakata, unafunga, unabeba kichwani mpaka juu. Kazi ya mwanamke hiyo. Mwanaume akionekana na mzigo wa majani, watamcheka yeye na wajukuu zake.

Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wetu. Alikuwa wa baba mkubwa wa mume wangu, katupa tumfuge: maziwa na mbolea zetu, ng'ombe wake. Ndivyo tunavyofanya huku. Akikonda, mwenyewe anamhamishia kwa mwingine, na wanangu wanne walikuwa wanaishi kwa yale maziwa. Siku moja mzee huyo akaja na fimbo yake, akapapasa mbavu, akakohoa.

"Mama, huyu ng'ombe amefunga Kwaresima? Mvua zikikatika narudi. Nikiona mbavu, naondoka naye."

Nikaenda hospitali. Mganga akanitazama kwa juu ya miwani: "Mama, huo mgongo unataka mapumziko." Nikamwuliza, "Na ng'ombe je, nimwambie apumzike kula?"

Nikashuka Moshi mjini, dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi, mpole sana yule. Akanitolea chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. "Mama, hii iko nguvu sana. Kula moja subuhi, kula moja jioni, mifupa yote nakuwa kama ya toto." Nikamaliza chupa. Mgongo palepale, ila nikicheua paka wa jirani wananisindikiza mpaka mtoni.

Mama mkwe akanikanda kwa majani ya mgomba ya moto, mdomo nao unanikanda: "Sisi tulikuwa tunazaa asubuhi, mchana tuko kwenye majani. Nyie mliumbwa kwa uji?"

Ndipo tukasikia kuna mtaalamu ametokea Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, amepanga chumba karibu na soko. Eti hana dawa wala sindano. Anakulaza kwa maneno, ukishalala anaongea na maumivu yako, nayo yanaondoka. Mume wangu akanisindikiza, maana kushuka peke yangu siwezi. Njiani akapitia kilabuni kunywa mbege, kidogo tu, vibuyu viwili.

Mtaalamu alivaa suti ya kijivu. Akaning'iniza kijiko cha chai kwenye uzi, akaanza kunong'ona kama anambembeleza mtoto. "Kope zinakuwa nziiito... mwili mwepeeesi..." Mimi kicheko kimenibana, mgongo unaniuma kwa kile kiti. Nyuma yangu, kwenye benchi, nikasikia mtu anakoroma. Mume wangu! Mtaalamu alikuwa amefumba macho, akadhani ni mimi.

"Unafanya kazi gani, wewe uliyelala?"

Nikamhurumia, nikajibu kwa sauti ya usingizi. Tena nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba pale kwenye kilima cha mwisho, kabla ya kanisa, natua mzigo, nalia, nafuta uso kwa kanga, naendelea.

Mtaalamu akashusha kijiko. Halafu akasema, "Kuanzia kesho utabeba majani, na mgongo hautauma." Akachukua mkungu wetu wa ndizi, ndiyo malipo yake, tukaondoka.

Kesho yake naamka, mume hayupo, mundu haupo, kamba hazipo. Saa nne namwona anapanda na mzigo wa majani, wima kama askari. Wenzake kilabuni wakatoka nje wote.

"Ee baba, hongera! Umeolewa lini?"

Hakugeuka. Akajibu kwa sauti nzito, ya mtu wa ndotoni: "Siyo mimi. Ni yule mtaalamu. Alinilaza, hajaniamsha."

Wakarudi ndani kwenye vibuyu vyao. Utamcheka vipi mtu aliyelazwa? Wiki hiyohiyo wake zao wakaja kwangu mmoja mmoja: "Dada, yule mtaalamu anakaa mtaa gani?" Alikuwa ameshavuka Holili.

Mvua zikakatika, mzee akaja na fimbo yake. Akapapasa, akatafuta mbavu kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Hm," akasema. Akanywa maziwa yangu, akaenda zake bila ng'ombe.

Mimi wakati huo nimeshapumzika miezi miwili, kama mganga wa hospitali alivyoagiza, na mgongo umenyooka. Asubuhi moja nikachukua mundu. Mume wangu akaupokea mkononi mwangu, macho makavu kabisa.

"Acha. Mtu aliyelala hashtuliwi."

"Utalala mpaka lini, baba?"

Akajitwisha kamba begani. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Pale kabla ya kanisa, kweli panauma. Mimi mwenyewe natua."