Firigisi ya Shemeji Wakoli

Nelima, mke wa mwanangu Kizito, si mvivu. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kusema mama mkwe amemchafulia jina. Shida yake ni simu. Tangu Kizito aanze kumtumia pesa za matumizi kutoka Nairobi, jiko letu hapa Tongaren limehamia Kitale. Sukuma wiki inaliwa na wadudu shambani; yeye anabonyeza, pikipiki inaleta soseji.

Joan, afisa wa kilimo, alitufundisha kanisani kwamba kila chakula kina moshi wake: petroli ya kukisafirisha, umeme wa friji. Nilimweleza Nelima somo hilo polepole, maana nimekuwa mwalimu miaka thelathini na mmoja.

"Lakini mama," akanijibu, "huo moshi si unabaki huko barabarani?"

Mwezi wa saba, shemeji Wakoli, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akasema atakuja Jumamosi kutoka Bungoma. Siku ya mazishi alitamka mbele ya ukoo wote kwamba boma lisilo na mwanamume husahau kupokea wageni. Miaka miwili nilingoja aje ayameze maneno hayo. Nikamwambia Nelima achinje kuku.

Jumamosi nilirudi kutoka mkutano wa akina mama nikamkuta mgeni amekwisha kuketi na chakula kinanukia. Kwetu, firigisi ni ya mgeni mkubwa. Hata mtoto anajua. Wakoli akainama juu ya bakuli, akageuza vipande kimoja kimoja. Paja. Paja. Bawa. Paja.

"Mwalimu," akasema, "huyu kuku alikuwa na miguu mingapi?"

Nikacheka peke yangu.

"Na alikuwa anasaga mahindi na nini, kama hana firigisi?"

Nilimfuata Nelima jikoni.

"Wale wetu niliuzia mtu wa Kitale Jumatano, mama. Alituma pesa hapo hapo. Hii nimeagiza, imekuja imekatwa vizuri, ati hata manyoya hakuna!"

Kumbe kuku wetu walipanda pikipiki kwenda Kitale, na mapaja ya kuku wa watu yakapanda pikipiki nyingine kuja kwetu, yameganda kama mawe. Moshi mara mbili, firigisi hakuna.

Wakoli alikula kwa adabu, nayo ndiyo iliyoniumiza. Akiaga, alitoa simu, akabonyeza. Yangu ikalia mkobani.

"Hiyo ni ya kuku, mwalimu. Nikirudi, nipikie mwenye tumbo."

"Mama, ona!" Nelima akashangilia. "Mzee ametuma elfu mbili!"

Nilizirudisha kabla hajafika barabarani, kwa simu hiyo hiyo, na gharama ya kutuma nikailipa mimi. Kisha nikavuka ua hadi kwa jirani yangu Gladwell, nikampa gorogoro sita za maharagwe, nikarudi na mtetea kwapani.

Analala chumbani kwangu, chini ya kitanda. Mlango naufunga kwa kufuli mpaka shemeji arudi.